Mwali wa Moto ni Gesi Inayowaka

Chukua ukuni mkavu na kipande cha mkaa uliotokana na mti uleule, kisha viwashe vyote viwili. Ukuni utatoa ndimi za moto zinazocheza na kupanda juu. Mkaa utakolea taratibu hadi uwe mwekundu na kutoa joto kali, lakini ndimi hutaziona, labda zile ndogo za buluu zinazotokea na kupotea. Mti ni mmoja na hewa ni ileile. Tofauti imetoka wapi?

Jibu linalosikika mara kwa mara ni kwamba ukuni una moto mkali zaidi. Sivyo. Mkaa ukipulizwa vizuri hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na ndiyo maana wahunzi huutumia kulainisha chuma. Ukali wa joto hauamui kama mwali utaonekana au la. Kinachoamua ni kama kitu hicho, kikipashwa joto, kinatoa gesi au mvuke unaoweza kuwaka.

Mwali wenyewe ni gesi iliyo katikati ya kuungana na oksijeni ya hewani. Ukuni ukipata joto, kwanza maji yaliyomo hukauka. Joto likizidi nyuzi 200 na kukaribia 300, mbao yenyewe huanza kuvunjikavunjika na kutoa mchanganyiko wa gesi na mvuke: kaboni monoksidi, methani, mvuke wa lami na vingine vingi. Hivyo ndivyo vinavyowaka. Tazama kwa makini moto wa kuni na utaona kwamba mara nyingi ndimi hazigusani na mti. Zimeachana nao kidogo, kwa sababu gesi inatoka kwanza ndipo ikutane na hewa ya kutosha. Moshi mzito unaofuka kabla ukuni haujashika ni sehemu ya mchanganyiko huohuo, uliokosa joto la kuuwasha. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, na hapa tunaweza kuongeza kwamba moshi wenyewe unaweza kuwa chakula cha moto.

Mchoma mkaa hufanya jambo la werevu sana. Anazifunika kuni zisipate hewa ya kutosha, kisha anaziacha kwenye joto kwa siku kadhaa. Sehemu kubwa ya gesi zile inatoka na kwenda zake. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni kaboni, na kaboni haigeuki mvuke kwa joto la moto wa kawaida; inahitaji zaidi ya nyuzi 3,500. Basi oksijeni haina budi kuifuata kaboni palepale ilipo, juu ya uso wa kaa. Mwako unafanyika kwenye ngozi ya kaa, si hewani, na tunachokiona ni wekundu tu.

Mshumaa unalithibitisha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Nta ngumu haishiki moto ukiisogezea kiberiti, inayeyuka tu. Utambi hunyonya nta iliyoyeyuka, joto huigeuza mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Mwanasayansi Michael Faraday, katika mihadhara aliyowapa vijana London mwishoni mwa 1860 na mwanzoni mwa 1861, alichomeka mrija wa kioo katikati ya mwali wa mshumaa, mvuke ukapita ndani ya mrija, naye akauwasha kwenye ncha ya pili. Mtu mzima anaweza kujionea bila mrija: zima mshumaa, halafu sogeza njiti inayowaka kwenye ule moshi mweupe unaopanda, sentimita moja au mbili juu ya utambi. Moto utashuka kwa kufuata moshi na mshumaa utawaka tena, ingawa hukuugusa utambi.

Kwa vimiminika kanuni ni hiyohiyo, ila hapa ndipo watu wanapoumia. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya kiasi cha nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa yanahitaji kupashwa hadi kama nyuzi 38 na zaidi. Ndiyo sababu njiti inaweza kuzimika kwenye mafuta ya taa yaliyopoa, wakati petroli huuvuta moto kabla njiti haijaifikia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kukutana na cheche mbali na pale petroli ilipomwagika. Kuchanganya petroli kidogo kwenye mafuta ya taa ni kuweka bomu ndani ya jiko au taa. Na pipa tupu la petroli ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke huwaka ukiwa karibu asilimia 1.4 hadi 7.6 tu ya hewa. Ndani ya pipa lililojaa petroli, mvuke ni mwingi mno na hewa imekosekana. Ndani ya pipa lililobaki na matone, kipimo kinaweza kuwa sawasawa. Fundi anayelichomelea pipa la namna hiyo bila kulisafisha anahatarisha maisha yake.

Metali nazo zina tabia zake. Nyuzi nyembamba za chuma, zile za kusugulia sufuria, hushika moto na kutembeza cheche nyekundu bila mwali, kwa kuwa chuma hakichemki hadi joto lipite nyuzi 2,800. Magnesi huchemka karibu na nyuzi 1,090, kwa hiyo mvuke wake huwaka kwa mwanga mweupe unaoumiza macho. Moto wa magnesi usiumwagie maji: utazalisha hidrojeni, gesi nyingine inayowaka.

Mchanga na maji haviwaki kabisa kwa sababu vimekwisha kuungana na oksijeni zamani. Maji ni hidrojeni iliyokwisha kuungua.

Sasa nirudi kwenye moto usio na mwali, kwa sababu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kiswahili kina neno lake: kufukuta. Pamba, maranda ya mbao na baadhi ya magodoro ya sponji vinaweza kufukuta kwa saa nyingi kutokana na kipande cha sigara kinachowaka, bila ndimi wala mwanga wa kumwamsha aliyelala. Joto likiongezeka, au mlango ukifunguliwa na hewa ikaingia, gesi zilizojaa chumbani zinaweza kulipuka kwa moto mara moja. Godoro lililoungua huku likionekana limezimwa litolewe nje ya nyumba, lipasuliwe na kuloweshwa hadi ndani.

Na zile ndimi ndogo za buluu juu ya mkaa? Ni kaboni monoksidi inayowaka. Watu wengi hungoja zipotee, waone mkaa umekolea na moshi umeisha, kisha wanaliingiza jiko chumbani wakiamini liko salama. Kaa jekundu linaendelea kutoa gesi hiyo, na sasa sehemu kubwa yake inaponyoka bila kuungua. Haina rangi wala harufu. Inanata kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka huku haina kitu cha kuupelekea ubongo na moyo. Kichwa huuma, mtu hupata kizunguzungu na kichefuchefu, viungo hulegea, usingizi mzito huja. Anayelala nayo huenda asiamke.

Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko la mkaa likae nje, na usiku lisiingizwe ndani hata kama makaa yanaonekana kufa chini ya majivu. Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, usikae humo kulizima: mtoe kwanza kwenye hewa safi, omba msaada kwa sauti, na mpelekeni hospitali hata kama amezinduka, mkimweleza daktari kwamba chumbani kulikuwa na mkaa.