Panya wa maabara na mafuta ya alizeti

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, Dodoma hadi Singida: panya wa maabara walilishwa mafuta ya mbegu, mioyo ikaharibika, kwa hiyo alizeti ni sumu.

Panya hao walikuwepo kweli, ila hawakudhuriwa na alizeti. Walilishwa kwa wingi mafuta ya rapa (mmea wa mbegu za mafuta, jamii ya haradali) ya aina ya zamani, yenye asidi nyingi ya eruki (moja ya asidi zinazounda mafuta), na mafuta yakajikusanya kwenye misuli ya moyo. Mwili wa panya huishughulikia asidi hiyo kwa shida kuliko wetu. Hata hivyo wataalamu hawakupuuza, wakazalisha rapa yenye eruki kidogo. Alizeti haina eruki, au ina chembe tu. Ujumbe unachanganya mbegu zote, ndiyo maana watu wanaogopa.

Ukiupokea, uliza: mafuta gani, kiasi gani, muda gani? Jaribio la muda mrefu hufika miaka 2, karibu umri mzima wa panya. Walilinganishwa na panya gani wengine? Usipopata majibu, usiusambaze. Mafuta ya chipsi yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi yanastahili wasiwasi zaidi, na hayo hayahitaji maabara kuyatambua.