Mahindi Mengi, Watoto Wafupi

Wageni wakija Iringa, swali huwa lile lile, na huulizwa njiani, gari likipita katikati ya mashamba ya mahindi: imekuwaje mkoa unaolisha nchi ndio uongoze kwa watoto waliodumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao? Wana haki ya kushangaa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu wa asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Jibu wanalolitegemea ni kwamba akina mama hawajui kulisha. Mimi ni afisa lishe huku Nyanda za Juu Kusini, na jibu hilo silikubali. Akina mama wengi wana makundi ya chakula kichwani. Tumewaimbisha vya kutosha.

Jibu la pili hutoka kwa wazazi wenyewe: "Daktari, ukoo wetu ni wafupi tu." (Huku kila mwenye koti jeupe ni daktari, nimeshaacha kubisha.) Urefu wa wazazi una nafasi yake kwa mtoto mmoja mmoja, lakini hauwezi kueleza nusu ya mkoa. Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani walionyonyeshwa vizuri na kulelewa katika mazingira mazuri, likakuta hadi umri wa miaka mitano wanarefuka karibu sawasawa. Viwango vilivyotolewa 2006 kutokana na kazi hiyo ndivyo tunavyotumia kliniki: mtoto akianguka chini sana ya mstari wa umri wake, amedumaa. Au waangalie Waholanzi. Katikati ya karne ya 19 vijana wao walioandikishwa jeshini walikuwa na wastani wa kama sentimita 165, miongoni mwa wafupi wa Ulaya. Leo wanaume wao wamepita 180 na ndio warefu kuliko wote. Damu haibadiliki kwa miaka 150. Kilichobadilika ni maziwa, maji, nyumba na mshahara.

Kwa hali ya hewa ya baridi, sisi tumependelewa upande wa malaria. Kimelea cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Kwenye nyuzi 25 huchukua kama siku 12. Kwenye 20 huenda hadi karibu wiki nne, na mbu wengi hawafiki umri huo. Nyuzi 16 kwenda chini hakikui. Ndiyo maana ukiteremka kutoka Tukuyu hadi Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, unaingia kwenye nchi nyingine kabisa ya magonjwa hata kabla hujavua sweta.

Lakini baridi nayo inadai chake. Moto unawashwa ndani, madirisha yamefungwa, mtoto yuko mgongoni mwa mama anayepika, na moshi wa kuni huongeza nimonia kwa watoto wadogo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo kupanda na kupalilia kunabanana katika miezi ile ile ambayo chakula cha nyumbani kinapungua. Mama anatoka alfajiri. Mtoto wa miezi minane anabaki na bibi, au na dada yake wa darasa la pili, pamoja na uji wa sembe wa asubuhi utakaomfikisha jioni. Tumbo lake ni dogo. Uji unamshibisha, ila protini na zinki anazohitaji ili arefuke ni haba mno humo. Mayai yapo bandani, maharage yapo kwenye gunia, parachichi zipo mtini, na zote ni pesa ya ada, ya mbolea, ya bima. Mapato ya nyumba huja mara moja kwa mwaka, na mara nyingi huishia mfukoni mwa baba. Mama anayeuza yai badala ya kumpa mtoto amepiga hesabu, na kwa siku ile hesabu yake ni sahihi. (Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nauacha kwa leo, utanijazia ukurasa.)

Kinachonisumbua zaidi kitaalamu ni utumbo. Mtoto anayetambaa uani penye kinyesi cha kuku humeza vijidudu kila siku. Huenda hata asiharishe. Lakini ukuta wa utumbo unavimba kimyakimya, vinyweleo vinavyofyonza chakula vinafupika, na hata kile kidogo alichokula hakimfai ipasavyo. Tukaamini basi kwamba vyoo, sabuni na maji yenye dawa vitawarefusha watoto. Majaribio makubwa yakafanyika Bangladesh, Kenya na Zimbabwe, na matokeo ya 2018 na 2019 yalituvunja moyo: choo na kunawa mikono havikuongeza urefu. Chakula cha nyongeza kiliongeza, kidogo tu. Wapo waliosema tuachane na mambo ya usafi. Mimi nayasoma matokeo hayo kinyume chake. Familia ilipewa choo cha shimo na ndoo ya kunawia, huku kuku wakiendelea kuzunguka uani na maji yakiendelea kuchotwa na kubebwa. Uholanzi haikurefuka kwa ndoo. Maji yaliingia ndani ya nyumba na uchafu ukatoka kwa mabomba, mtaa mzima kwa pamoja.

Barabara ya Dar hadi Tunduma na reli ya Tazara vinabeba mahindi na mbao zetu, na vinabeba watu. Utafiti wa 2022-2023 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima Njombe na 11.1 Iringa, dhidi ya 4.4 kitaifa. Sababu ni nyingi, ila vibarua wa chai na mbao wanaoishi mbali na wenza wao, na miji inayolaza madereva kama Makambako, siwezi kuviacha nje. Mtoto wa mama mwenye VVU, hata asipoambukizwa, mara nyingi huzaliwa mdogo.

Udumavu haubaki kijijini. Uholanzi hiyo hiyo ilipitia njaa kali majira ya baridi ya 1944-45, na waliokuwa tumboni wakati ule wakaja kuonyesha matatizo ya sukari ukubwani. Mtoto wa Kilolo, huku Iringa, aliyedumaa akija kuishi mjini Mbeya kwa chipsi na soda, nategemea kumkuta kliniki ya kisukari au presha kabla ya wenzake.

Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ningeulizwa mimi, ningetaka pesa ya lishe ikae meza moja na ya maji, na kila kijiji kiwe na mahali pa kulelea watoto msimu wa kilimo. Wakati tunasubiri: ukienda kliniki, usikubali mtoto apimwe uzito peke yake. Aliyedumaa anaweza kuonekana mnene na mwenye afya. Omba ubao wa urefu. Wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala, mkubwa akiwa amesimama, na kadi yake ina sehemu ya kujaza.