Kosa la Mtoto, Mfuko wa Mzazi

Kila shule zinapofungwa, dawati letu la ustawi wa jamii hapa Tanga hupokea malalamiko ya aina moja: mtoto ameiba au amegonga mtu kwa pikipiki, na aliyeumizwa anataka mzazi akamatwe. Uchungu wake tunauelewa. Lakini kosa la jinai halipandi kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi, na mama wa Makorora hawezi kuwekwa rumande badala ya mwanawe aliyekimbilia Pangani, hata mtaa mzima ukija kuomba hivyo.

Chini ya Kanuni ya Adhabu, mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 hana hatia ya jinai, na wa kati ya miaka 10 na 12 hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alilotenda ni kosa. Anayezidi hapo, akiwa chini ya miaka 18, hushughulikiwa kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Shauri lake husikilizwa faragha katika Mahakama ya Watoto, mzazi au mlezi akiwepo pamoja na afisa ustawi wa jamii, ambaye hutakiwa kuchunguza malezi na mazingira ya mtoto na kuiandikia mahakama taarifa. Mtoto hahukumiwi kifungo. Huweza kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, au kupelekwa shule ya maadilisho iliyoko Irambo, Mbeya.

Mzazi huguswa mahakama inapotoza faini au fidia, kwani inaweza kuamuru alipe yeye, isipokuwa ikiridhika kwamba hakuchangia kosa kwa uzembe wa kumwangalia mtoto. Wapo wanaotaka mzazi alipe kila mara, pasipo kuulizwa alifanya nini. Kwa maoni yangu hilo lingekuwa dhuluma kwa mama anayeamkia Soko la Mgandini alfajiri ili watoto wale, na ambaye amekanya na kuonya kadiri ya uwezo wake. Baba anayemwachia kijana wa miaka 14 ufunguo wa bodaboda ni habari nyingine kabisa: mwenye chombo akimruhusu asiye na leseni kukiendesha, ametenda kosa lake mwenyewe chini ya Sheria ya Usalama Barabarani. Vilevile, kukiuka wajibu wa malezi uliowekwa na Sheria ya Mtoto kuna adhabu ya faini isiyozidi shilingi 5,000,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Linalotusikitisha zaidi ni wazazi wanaokwepa mahakama kwa hofu ya kukamatwa, wakamwacha mtoto asimame peke yake. Mzazi afike, tena na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kwa sababu umri usipothibitishwa mapema mtoto anaweza kujikuta katika mahabusu ya watu wazima, ilhali Tanga tunayo mahabusu ya watoto.