Zahanati ikifungwa, wagonjwa huenda wapi?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii katika uwanda wa Kano na Nyakach, kaunti ya Kisumu. Kwenye vikao vya bajeti huwa naulizwa swali lilelile: kwa nini tuendelee kugharamia zahanati inayoona watu wachache kwa siku, ilhali kituo kikubwa kipo kule barabarani? Anayeuliza ana haki ya kujibiwa. Shida ni kwamba tunahesabu waliofika, hatuhesabu walioshindwa kufika.

Mwaka mmoja nilipata nafasi ya kuwatafuta hao walioshindwa. Zahanati moja ilibaki tupu baada ya muuguzi wake wa pekee kuhamishwa. Hakuna aliyetangaza kuwa imefungwa. Mlango haukufunguliwa tu, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaenda kupekua madaftari ya kituo jirani, nikitarajia kuona majina ya vijiji vyetu yamejaa. Niliyakuta machache, ya watu wenye pikipiki nyumbani au mtoto Nairobi wa kuwatumia nauli. Wengine hawakwenda popote. Nyanya mmoja alinieleza bila kulalamika: "Sista, nauli ya kwenda na kurudi ni unga wa siku mbili. Acha homa ipite yenyewe."

Chanjo ndiyo huumia kwanza. Mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu kuna za miezi 9 na 18. Tangu Septemba 2019 sisi wa magharibi tunayo pia chanjo ya malaria, nayo ni dozi nne, ya kwanza mtoto akiwa na miezi 6. Zidisha safari hizo kwa nauli ya boda boda, kisha uongeze siku ya palizi iliyopotea. Mama haikatai chanjo; anaiahirisha mpaka anasahau tarehe.

Sasa niseme juu ya kanisa, maana wengi hawaoni linavyohusika. Pale tusipo na zahanati karibu, tunapeleka chanjo kwenye makasha ya baridi, kati ya nyuzijoto 2 na 8, na mara nyingi tunatua kanisani. Kuna paa, mabenchi, choo na boriti imara ya kutundikia mizani ya watoto. Lakini jengo ni nusu tu ya msaada. Nusu nyingine ni matangazo ya baada ya ibada: Jumamosi kwa Wasabato, Jumapili kwa Wakatoliki, Waanglikana na Legio Maria. Mzee wa kanisa akisema "Jumatano leteni watoto", wanaletwa. Nikipita mimi mwenyewe na kipaza sauti juu ya gari, hawaji hata nusu yao.

Wapo wahubiri wanaokataza dawa, na nimebishana nao hadi usiku. Hata hivyo ni rahisi kuzungumza na mhubiri ambaye kanisa lake liko wazi na milango yetu inatazamana, kuliko yule aliyehamia mjini na kuwaachia waumini maneno yake.

Ushirikiano huu ni wa zamani. Kule Kaimosi, ambako Waquaker (kanisa la Marafiki) walifika mwaka 1902, na Maseno, misheni iliyoanza 1906, ibada, shule na tiba zilikuja kukaa jirani. Hadi leo shirika la dawa la MEDS, lililoundwa 1986 na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, huuzia hospitali za misheni dawa. Na mto Nyando unapofurika, kama ulivyofurika tena mwaka 2024, watu hukimbilia makanisani na shuleni. Huko ndiko tunakowafuata na dawa za kuhara na vyandarua.

Mwaka 2020 tulionja maisha bila kanisa. Makanisa yalifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Yalipofunguliwa Julai, waliruhusiwa waumini 100 kwa saa moja, na waliopita miaka 58 wakatakiwa kubaki nyumbani. Sikatai sababu za agizo lile. Ila huku kwetu nyanya ndiye mlezi wa wajukuu ambao wazazi wao wako mjini, na ndiye aliyekuwa akisikia tangazo la Jumatano. Ilitubidi tupite boma kwa boma na wahudumu wa afya wa kijiji, tukikagua kadi moja moja.

Zahanati niliyoitaja ilipata muuguzi mwingine baadaye, baada ya kamati yake kwenda kaunti mara tatu. Wiki yake ya kwanza alikaa peke yake, kwani watu walishazoea kufuli. Kamati ikawaomba viongozi wa makanisa manne watangaze. Jumatatu iliyofuata, benchi la barazani lilikuwa limejaa kabla ya saa mbili asubuhi. Yule nyanya wa unga alikuwepo na mjukuu wake, aliyekuwa amekosa dozi mbili. Aliogopa tutamgombeza, au tutamwanzisha mtoto upya. Nikamweleza kwamba chanjo huendelezwa pale ilipokatika. Mtoto alidungwa asubuhi ileile, na kadi ikaandikwa tarehe ya kurudi.