Pambano la kuaga si pambano la mwisho

Juzi nilikuwa kwenye banda la mpira, tunasubiri mechi ianze, televisheni ikawa inarudia lile pambano la ngumi la mwaka 2003, kati ya Mwingereza Lennox Lewis, bingwa wa uzito wa juu, na Vitali Klitschko wa Ukraine. Jamaa mmoja mwenye sauti kutuzidi sote akatangaza: "Hili ndilo pambano la kuaga la Lewis. Alimchagua mwenyewe huyu jamaa." Vichwa vikatikisika kukubali. Mimi nikanyamaza, maana mechi ilikuwa inaanza. Lakini nimeshalisikia hilo neno likitumika hivyo mara nyingi mno, na leo hakuna mechi.

Maana yenyewe ni fupi. Pambano la kuaga ni lile ambalo bingwa ametangaza mapema kwamba akishuka ulingoni ndiyo basi, anatundika glavu, na mpinzani wake akatafutwa watu wakijua hivyo. Pambano la mwisho ni lile ambalo halikufuatiwa na jingine. La kwanza hujulikana kabla ya kengele kulia, la pili hujulikana baadaye, pengine baada ya miezi au miaka.

Tatizo liko kwenye hilo neno "kuaga". Kwetu mtu hawezi kuaga peke yake. Mgeni akiinuka kwenye mkeka hasemi tu "nimeondoka". Husema "naomba niwaage", na mwenyeji hujibu, humsindikiza, pengine humzuia kidogo kwa adabu. Anayechomoka wakati wenzake wako msikitini au jikoni, kesho yake huambiwa "uliondoka bila kuaga", ingawa kuondoka ameondoka kweli. Ndiyo maana kutoka humo humo tukapata "kuagana", ambalo ni kupeana kwaheri na pia kuafikiana jambo, na "agano". Hata "kustaafu", tulilolichukua kwa Waarabu, asili yake ni kuomba kuachiliwa. Maneno yote mawili yana mtu wa pili ndani yake.

Nadhani kosa limetoka kwenye soka. Mchezaji mkongwe akistaafu huandaliwa mechi ya kumuaga: wanaitwa rafiki zake, beki wa upande wa pili anamwachia afunge, dakika ya themanini anatolewa uwanja mzima ukipiga makofi. Mashabiki wamelibeba neno hilo mpaka kwenye masumbwi, wakabeba na picha yake, kwamba bingwa wa uzito wa juu anakaa na meneja wake, wanapitia majina, wanachagua mtu wa kumfurahisha mzee. Kwenye ngumi hakuna wa kukuachia ufunge. Huyo unayepanda naye ulingoni anautaka mkanda wa ubingwa ulio kiunoni mwako, na akikuangusha jina lake litatajwa pamoja na lako maisha yote.

Turudi kwa Lewis. Mpinzani aliyepangwa kwa ajili ya tarehe 21 Juni 2003 pale Los Angeles hakuwa Klitschko hata kidogo. Alikuwa Mkanada Kirk Johnson, akachanika msuli zikiwa zimebaki takriban wiki mbili. Klitschko alikuwa awe kwenye ratiba ya usiku huohuo akipigana na mtu mwingine, akasogezwa juu kuziba pengo. Lewis alikuwa na miaka 37 na amekuja na mwili mzito. Raundi ya pili Klitschko alimtikisa vibaya. Raundi ya tatu ngumi ya Lewis ikampasua Klitschko juu ya jicho la kushoto, damu ikawa haikamatiki, na baada ya raundi ya sita daktari akasema imetosha. Kwenye karatasi za majaji wote watatu Klitschko alikuwa anaongoza kwa pointi, 58 kwa 56. Anayekumbuka picha ile anakumbuka jitu limejaa damu usoni linagombana na kila mtu ulingoni, likitaka pambano liendelee. Kukawa na maneno ya marudiano. Februari 2004 Lewis akatangaza kustaafu. Kuaga hakukuwepo hapo, wala mpinzani hakuchaguliwa. Mwisho wake aliletewa na msuli wa Johnson uliochanika.

Na hata pasipo majeruhi, bingwa hana uhuru huo tunaoudhani. Mashirika yenye mikanda, WBC, WBA, IBF na WBO, kila moja lina orodha yake, na kileleni mwa orodha kuna mpinzani wa lazima. Bingwa anaruhusiwa kutetea mkanda kwa hiari mara kadhaa, dhidi ya mtu anayemtaka yeye na promota wake, lakini zamu ya mpinzani wa lazima ikifika ni kupigana naye au kuuachia mkanda. Kwa hiyo swali "bingwa mzee atamchagua nani amalizie?" mara nyingi lina jibu tayari: amepangiwa. Mwingereza Tyson Fury, bingwa wa WBC, ndiye aliyekaribia kuaga kwa maana kamili. Kabla ya tarehe 23 Aprili 2022 alisema wazi kwamba hilo ndilo la mwisho. Kwenye uwanja wa Wembley, London, walikwenda watu 94,000, akammaliza Dillian Whyte raundi ya sita, akaimba, akaaga. Ila Whyte alikuwa mpinzani wa lazima wa WBC, hakuokotwa kwa mapenzi ya Fury. Na Desemba ya mwaka huohuo Fury alikuwa ulingoni tena na Derek Chisora. Aliaga kweli, akarudi kuchukua kofia aliyoisahau.

Rocky Marciano, bingwa wa zamani wa Marekani, yeye alimpiga Archie Moore Septemba 1955 baada ya kuangushwa mwenyewe raundi ya pili, na Moore ndiye aliyekuwa akipiga kelele magazetini apewe nafasi. Tangazo la kustaafu lilikuja Aprili 1956. Gene Tunney alimmaliza Tom Heeney wa New Zealand Julai 1928, akatangaza kuacha siku chache baadaye, na hakurudi. Marciano na Tunney ni nadra, waliotoka wakatoka. Muhammad Ali alistaafu 1979 akiwa na mkanda mkononi, kisha akarudi kupigwa na Larry Holmes, na pambano lake la mwisho kabisa, Desemba 1981 huko Nassau na Trevor Berbick, raundi zilihesabiwa kwa kengele ya ng'ombe kwa kukosa kengele ya ulingo. Hilo nani alilichagua? Hakuna mtu angelichagua.

Huyo Klitschko mwenyewe naye hakuaga. Pambano lake la mwisho lilikuwa Moscow, Septemba 2012, dhidi ya Manuel Charr, likasimamishwa raundi ya nne kwa sababu ya jeraha la kupasuka, safari hii la mwenzake. Baada ya hapo alikaa zaidi ya mwaka bila kupigana, siasa za Ukraine zikamchukua, Bermane Stiverne akisubiri kama mpinzani wa lazima, mpaka Desemba 2013 mkanda ukaachwa. Mwaka uliofuata akawa meya wa Kyiv.

Kwa hiyo ndugu yangu wa pale bandani, sikukatai kwamba ulikuwa unaangalia kitu kikubwa. La Lewis liite pambano lake la mwisho, inatosha na ni kweli. La Fury na Whyte unaweza kuliita la kuaga, ukiongeza kwamba alirudi. Na bingwa akitajiwa mpinzani wa lazima, sema amepangiwa. "Amechagua" liweke mpaka umwone amekaa mezani na majina zaidi ya moja mbele yake.