Endofaiti sio jina la ugonjwa

Jamani hili neno. Juzi tena nimemsikia mtu anasema mahindi yake "yameshambuliwa na endofaiti", na kabla ya huyo kulikuwa na muuza dawa za asili anayejisifu kwamba chupa yake "ina endofaiti nyingi", utadhani ni vitamini. Endofaiti ni kiumbe, mara nyingi fangasi au bakteria, anayeishi ndani ya mmea bila mmea kuonyesha dalili ya kuumwa. Basi, maana ndo hiyo.

Jina ni la Kigiriki, endon ni ndani, phyton ni mmea, na Mjerumani Anton de Bary alipolitumia mwaka 1866 alimaanisha kiumbe yeyote aliyemo ndani ya tishu za mmea, awe mpole awe mkorofi, hilo la "bila kuumwa" limekuja kuongezwa baadaye. Kwahiyo lenyewe linakwambia anakaa wapi tu. Anayekaa juu ya mmea, kama okidi kwenye shina la mwembe, huyo ni epifaiti.

Na watu wa maabara ni wakali na hiyo "ndani". Jani linaoshwa kwa spiriti na jiki, linasuuzwa, linakatwa vipande vinavyowekwa kwenye sahani ya maabara ili fangasi au bakteria waliomo waote, afu yale maji ya mwisho ya kusuuzia nayo yanawekwa kwenye sahani yake, yakiota kitu ujue umekamata vumbi la juu ya jani.

Sasa kemikali ni kitu kingine, ni anachopika huyo endofaiti, mpangaji wa ndani ya mmea. New Zealand kuna nyasi za malisho zenye fangasi wa ndani anaitwa Epichloë, anatengeneza peramini inayofukuza wadudu, na hapohapo anatengeneza lolitremu B, kondoo akiila sana anatetemeka, ukimkimbiza miguu inakakamaa anaanguka chini, ukimwacha atulie anainuka anaendelea kula (nyasi zilezile, maskini). Nyasi zenyewe ukiziangalia ni kijani safi, ndo maana mpaka 1981 ndo ikaonekana mhusika ni fangasi. Siku hizi kuna mbegu zenye aina ya fangasi asiyepika lolitremu, peramini imebaki.

Kwahiyo ndugu wa mahindi, kama majani yana madoa sema huenda yana ugonjwa, umwite bwana shamba. Na yule wa chupa, naomba tu atuambie ina kemikali gani, maana endofaiti ni mpishi.