Mgomo wa kukaa ndani ni nini? Tuanzie Flint, 1936

Wengi wetu tukisikia mgomo tunapata picha moja tu, wafanyakazi wametoka nje, wako getini na mabango wanaimba. Mgomo wa kukaa ndani, ule Wamarekani wanauita sit-down, ni kinyume chake kabisa. Mnaacha kazi ila hamtoki, mnazima mashine halafu mnakaa palepale, mnalala hapo mnakula hapo mpaka bosi akubali kukaa mezani.

Sasa kwa nini watu wazima wenye familia waamue kulala kiwandani? Ni kwamba mgomo wa getini Marekani ya miaka ile ulikuwa unavunjwa kirahisi mno. Mkishatoka nje mashine zinabaki mikononi mwa mwenye kampuni, na miaka ya 1930 wasio na ajira walikuwa mamilioni, kwa hiyo anaita wengine, polisi wanawasindikiza mpaka ndani, kazi inaendelea kama vile nyie hamjawahi kuwepo. Mkikaa ndani hesabu inageuka. Hawezi kuweka mtu kwenye nafasi yako maana umeikalia, na akituma polisi wavunje milango wapige risasi, vurugu zote zinatokea katikati ya mitambo yake mwenyewe aliyoinunua kwa mamilioni ya dola. Na kitu kingine ambacho mimi naona ndio kiini hasa, hamhitaji kuwa wengi. Mnahitaji kuwa mahali sahihi.

Mbinu haikuanzia Flint. Mwaka 1906 wafanyakazi wa General Electric kule Schenectady, New York, walishafanya hivyo, na mwanzoni mwa 1936 wa viwanda vya tairi Akron, Ohio, wakafanya tena. Ila Flint ndiyo ilitikisa nchi nzima.

Flint ni mji wa jimbo la Michigan ambao wakati ule kampuni ya magari ya General Motors, kwa kifupi GM, ndiyo ilikuwa kila kitu. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilikuwa kichanga, kimezaliwa 1935, mwaka uleule sheria ya Wagner ilipopitishwa kuwapa wafanyakazi haki ya kuungana na kujadiliana na mwajiri, lakini makampuni makubwa yaliipuuza tu yakisubiri mahakama iifute. Kujiunga na chama ilikuwa hatari kweli. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Robert La Follette ilikuja kugundua kwamba GM ilitumia karibu dola milioni 1 kuanzia 1934 mpaka katikati ya 1936 kulipa wapelelezi, yaani jamaa unayefunga naye bolti upande wa pili anaweza kuwa ndiye anapeleka jina lako ofisini, kesho huna kazi.

Na malalamiko makubwa wala hayakuwa mshahara wa saa. Ilikuwa spidi. Laini inaongezwa kasi, msimamizi amesimama nyuma yako, huna nafasi hata ya kwenda chooni, mtu anafika nyumbani mikono bado inatetemeka anashindwa hata kula. Halafu kila model mpya ikibadilishwa mnarudishwa nyumbani wiki na wiki bila malipo, na ukiwa umeshazeeka kidogo huna uhakika wa kuitwa tena. Nikisoma habari hizi najiuliza watu walivumilia vipi muda wote ule.

Tarehe 30 Desemba 1936, wafanyakazi wa Fisher Body namba 1, kiwanda cha GM cha kutengeneza bodi za magari, waliona kampuni inaanza kupakia kalibu kwenye mabehewa ya treni. Kalibu ni vile vyuma vikubwa vya kukandamizia bati mpaka litoke na umbo la bodi ya gari, na za GM muhimu zaidi zilikuwa sehemu mbili tu, hapo Flint na Cleveland, na Cleveland walikuwa wameshagoma siku mbili kabla. Wakaelewa moja kwa moja, zikiondoka hizi tumekwisha. Wakazima laini wakafunga milango. Fisher Body namba 2 nao walikaa siku hiyohiyo. Bila bodi hakuna gari, kwa hiyo viwanda vingine vya GM miji mingine vikaanza kusimama kimoja baada ya kingine.

Ndani waliishi kwa utaratibu mkali kuliko watu wengi wanavyodhani. Kulikuwa na kamati ya usafi, ya ulinzi, ya chakula, pombe marufuku, kuharibu mashine marufuku, na vitanda vilikuwa viti vya magari vilevile walivyokuwa wanavitengeneza. Chakula kilipikwa nje, wanawake wengi wakiwa mstari wa mbele.

Kampuni ilikimbilia mahakamani, jaji Edward Black akatoa amri watoke. Chama kikachimba kikakuta jaji mwenyewe ana hisa 3,365 za GM, na amri ile ikapoteza heshima yote.

Januari 11, 1937, baridi ya Michigan ile, kampuni ikakata joto Fisher Body namba 2 na walinzi wakazuia chakula kisiingie. Polisi wakaja na mabomu ya machozi, waliomo ndani wakajibu kwa mipira ya maji ya zimamoto, chupa na bawaba za milango ya magari, upepo nao ukawarudishia polisi moshi wao wenyewe. Polisi wakirudi nyuma walifyatua risasi, zaidi ya watu kumi wakajeruhiwa ila hakufa mtu. Katikati ya vurugu Genora Johnson, binti wa miaka 23 tu, alichukua maiki ya gari la matangazo akawaita wanawake waliokuwa wanatazama wavuke mstari wa polisi waje kusimama na wanaume wao, na kweli walivuka. Baadaye akaunda kikosi cha wanawake cha dharura, wale wa kofia nyekundu. Gavana Frank Murphy alituma askari wa National Guard, jeshi la akiba la jimbo, lakini akakataa kuwatumia kuwatoa wagomaji kwa nguvu, na hapa lazima tuseme ukweli, angekuwa gavana mwingine hadithi ingeweza kuwa ya damu.

Februari 1 ndio ilikuwa akili kubwa kabisa. Chama kikavujisha makusudi, kupitia watu waliojua ni wapelelezi, kwamba kitavamia Chevrolet namba 9, kiwanda kingine cha GM hapohapo Flint. Walinzi wote wakakimbilia huko, kukapigana, mabomu ya machozi, wanawake wakavunja madirisha ili waliomo ndani wapate hewa, na muda huohuo wenzao wakakamata Chevrolet namba 4, kiwanda kilichokuwa kinatoa injini zote za Chevrolet. Hapo ndio kampuni ilibanwa hasa.

Februari 11, siku ya 44, GM ikasaini. Karatasi yenyewe ilikuwa fupi, kampuni inakitambua chama kama msemaji wa wanachama wake na haitawaadhibu waliogoma. Ndani ya mwaka mmoja UAW ikatoka kwenye wanachama kama 30,000 mpaka 500,000 hivi, na kampuni kubwa ya chuma, US Steel, ikakubali kuongea na chama cha wafanyakazi wa chuma mwezi Machi bila hata mgomo. Mbinu ikasambaa mpaka kwa wasichana wa dukani Woolworth, Detroit, nao walikaa ndani.

Ila kisheria mgomo huu ulikuwa na shimo tangu mwanzo, kwamba unakalia mali ya mtu mwingine. Mwaka 1939 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya kampuni ya Fansteel, ikaamua mwajiri anaweza kuwafukuza waliokalia kiwanda hata kama yeye ndiye aliyeanza kuvunja sheria ya kazi. Tangu hapo vyama vikubwa vikarudi getini, ambako sheria inawalinda na ambako pia, kama nilivyosema juu, ni rahisi zaidi kuwashinda.